Macho Mapya kwa Ndege za Zamani

Jioni hii twapenda kuwasimulia habari za saa. Hatusemi zile saa za ukutani zituambiazo kwamba adhuhuri imewadia, bali zile saa za duara zilizopangwa juu ya ubao mbele ya rubani wa ndege. Kila moja ina mshale wake, na kila moja ina neno lake la kusema. Twataka kueleza jinsi saa hizo zilivyozaliwa, jinsi zilivyokosea, na kwa nini siku hizi mafundi wanazing'oa katika ndege ndogo za zamani na kuweka nyingine mahali pake.

Labda mtu atauliza, Jambo hili latuhusu nini sisi wa mashambani? Na afikiri kidogo. Dereva wa lori akisikia injini yake inagonga, husimama kando ya barabara, hushuka, hufunua boneti, kisha humwita utingo alete spana. Rubani hawezi kushuka. Injini yake imefunikwa kwa bati mbele yake, nayo inanguruma mno hata hawezi kusikia gonjwa lake dogo. Basi yote atakayoyajua juu ya mtambo uliombeba, na juu ya mgonjwa au barua au abiria aliowachukua, atayajua kwa kuambiwa na saa zile. Zikinyamaza, au zikisema uongo, roho za watu zimo hatarini.

Na tuanze mwanzo. Tarehe 17 Desemba mwaka 1903, ndugu wawili wa Marekani, Wilbur na Orville Wright, waliirusha ndege yao penye mchanga wa Kitty Hawk. Mara ya kwanza ilikaa hewani sekunde 12 tu. Mara ya nne, siku hiyo hiyo, ilikaa sekunde 59. Injini yake ilikuwa na silinda 4, na nguvu za farasi zipatazo 12. Wengi hudhani kwamba ndege ile haikuwa na kipimo chochote. Sivyo. Ilichukua vitu vitatu: saa ya kuhesabia sekunde, chombo cha kupimia upepo, na chombo cha kuhesabia mizunguko ya injini. Lakini angalieni: vitu hivyo havikuwekwa ili vimwongoze rubani, maana alikuwa amelala kifudifudi na kazi yake ilimtosha. Viliwekwa ili vitoe ushahidi baada ya kutua. Ndugu wale walikuwa mafundi wa baiskeli, watu wa kupima na kuandika, nao hawakukubali kuamini jambo kwa kulikisia tu.

Baadaye walifunga kipande cha uzi mbele ya ndege. Uzi ukielekea nyuma sawasawa, mambo ni mema. Uzi ukilala upande, ndege inakwenda mshazari. Uzi ule haukugharimu kitu, lakini twaweza kuuita mzee wa saa zote, kwani ulimwambia rubani habari ambayo mwili wake haukuijua.

Miaka ilipita, vita kuu vya 1914 hata 1918 vikaja na kwisha, na ndege zikawa bora. Mwezi Februari mwaka 1925, huko Uingereza, ndege ndogo iitwayo Moth ya kiwanda cha de Havilland iliruka mara ya kwanza. Ilikuwa ya watu wawili waliokaa wazi, upepo ukiwapiga usoni. Ubao wake ulikuwa na saa chache: ya mwendo, ya urefu kutoka chini, ya mizunguko ya injini, na ya nguvu ya mafuta ya kulainisha. Huko Marekani palitokea nyingine iitwayo Piper Cub, ambayo kipimo chake cha petroli kilikuwa kizibo chepesi kilichoelea ndani ya tangi, na juu yake uzi wa chuma uliochomoza nje mbele ya macho ya rubani. Petroli ikipungua, uzi hushuka. Uzi ukifika chini, tafuta mahali pa kutua. Kipimo kile kilikuwa rahisi kama kijiti cha kupimia maji mtungini.

Ndege za namna hiyo zilifika na kwetu. Mwaka 1929 Bibi Florence Kerr Wilson alianzisha kampuni ya ndege mjini Nairobi, akisaidiwa na rubani Tom Campbell Black, na mpaka leo kiwanja kimoja cha Nairobi chaitwa Wilson. Marubani wa siku zile walifuata reli, mito na milima. Miongoni mwa waliofundishwa na Campbell Black alikuwa Bibi Beryl Markham, aliyekulia Njoro. Mwezi Septemba 1936 yeye peke yake alivuka bahari ya Atlantiki kutoka Uingereza kuelekea magharibi, dhidi ya upepo, kwa muda wa saa zaidi ya 21. Alipoikaribia nchi kavu, petroli ilikataa kufika kwenye injini, kwa kuwa barafu iliziba matundu ya kupitishia hewa katika tangi. Ndege ikaanguka matopeni katika kisiwa cha Cape Breton, pua chini, naye akaumia kichwa lakini akapona. Ujasiri wake hauna shaka. Lakini yatupasa kukumbuka pia kwamba hapakuwa na saa hata moja ya kumwonya juu ya matundu yale. Habari aliipata kwa kukohoa kwa injini, nayo ilikuwa imechelewa.

Sasa tufikie jambo kubwa. Kwa miaka mingi marubani walijisifu kwamba hawahitaji saa. Walisema wanaijua ndege kwa mwili, kama mpanda farasi amjuavyo farasi wake. Mwaka 1926, katika kiwanja cha Crissy Field mjini San Francisco, rubani wa jeshi aitwaye William Ocker alikwenda kupimwa na daktari David Myers. Daktari alimketisha katika kiti kinachozunguka, macho yamefungwa, akakizungusha. Kiti kilipopunguza mwendo, Ocker alisema kimesimama. Kiposimama kabisa, alisema kinazunguka upande mwingine. Aliona haya, maana alikuwa rubani wa miaka mingi. Kisha alirudi na kisanduku chenye taa ndogo na saa ionyeshayo mzunguko. Akachungulia ndani alipokuwa akizungushwa, na safari hii alijibu sawasawa kila mara. Hivyo wote wawili wakaujua ukweli usiopendeza: mtu akikosa kuiona ardhi au upeo wa mbingu, mwili wake husema uongo, nao husema kwa uhakika kama mtu mwaminifu.

Dawa yake ilipatikana katika mchezo wa watoto. Kila mtoto ajua kwamba pia ikizunguka haianguki. Ukiisukuma, yakataa kuinama. Wahandisi wa Marekani, hasa wa nyumba ya Sperry, walitia pia ndogo ndani ya saa, wakaizungusha kwa nguvu ya hewa. Ndege ikiinama, pia haiinami pamoja nayo, na hivyo mstari mdogo katika uso wa saa humwonyesha rubani upeo wa mbingu hata ndani ya wingu jeusi. Tarehe 24 Septemba mwaka 1929, rubani Jimmy Doolittle alifunikwa kwa turubai asione nje hata kidogo. Aliiondoa ndege chini, akazunguka, akatua, kwa kutazama saa tu na kusikiliza redio. Ilichukua kama dakika 15. Rubani mwingine alikaa naye kwa tahadhari, lakini hakuhitajiwa kugusa kitu.

Na kama kuna mtu bado aliyeshikilia kwamba mwili watosha, mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois kiliwajaribu watu 20 ambao hawakuwa wamefundishwa kuruka kwa saa. Walizibwa wasione nje, ilhali mwalimu amekaa kando yao tayari kuwaokoa. Wote 20 walipoteza utawala wa ndege. Kwa wastani ilichukua sekunde 178, yaani haikutimia dakika 3.

Basi ubao wa saa ukawa jambo la lazima. Mwaka 1956 kiwanda cha Cessna huko Marekani kilianza kuuza ndege ya watu wanne iitwayo 172, ambayo imetengenezwa kupita ndege nyingine zote duniani, zaidi ya 40,000. Kisha mwaka 1986 kiwanda hicho kiliacha kutengeneza ndege ndogo za namna hii, kwa kuwa biashara ilikuwa mbaya na gharama za mashtaka mahakamani zilikuwa nzito. Hakikuanza tena mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 1994 na kiwanda kipya kikajengwa. Kwa sababu hiyo ndege nyingi ndogo zirukazo leo zina umri wa miaka 40, 50, hata 60. Miili yao ikitunzwa hubaki imara. Lakini saa zao zilizeeka, na zilikuwa na kasoro mbili tangu kuzaliwa.

Kasoro ya kwanza ni ya pia. Pia zile huzungushwa na hewa inayovutwa na pampu iliyoshikamana na injini. Ndani ya pampu za namna iliyoenea sana mna vipande vya kaboni vinavyosuguana pasipo mafuta. Vipande hivyo havitoi onyo kubwa. Huvunjika mara moja. Hapo pia huanza kupunguza mwendo polepole, na mstari katika saa huinama kidogo kidogo, ukimdanganya rubani kwa upole. Saa iliyokufa ghafula ni salama kuliko saa inayokufa huku ikisema. Tena saa yenyewe yaweza kuharibika hata pampu ikiwa nzima. Usiku wa tarehe 16 Oktoba mwaka 2000, katika mvua, gavana wa jimbo la Missouri, Mel Carnahan, alikuwa akisafiri katika ndege ndogo ya injini mbili iliyorushwa na mwanawe. Saa ya pia iliyokuwa mbele ya rubani iliharibika, naye akawa akijaribu kuongoza kwa kutazama ile ya upande wa pili. Ndege ilianguka, wakafa wote watatu waliokuwamo. Wachunguzi walisema kwamba rubani alipotewa na hisia ya mlalo wa ndege, na kwamba kuharibika kwa saa ile pamoja na ubaya wa hewa vilichangia. Majuma matatu baadaye wananchi walimchagua marehemu kuwa mjumbe wa baraza kuu la Marekani, na kiti kile akapewa mjane wake.

Kasoro ya pili ni ya injini. Cessna 172 za kwanza zilikuwa na injini ya silinda 6. Lakini ubao ulionyesha nini? Nguvu ya mafuta ya kulainisha, joto la mafuta hayo, na mizunguko. Katika ndege nyingine palikuwa na saa moja ya joto iliyofungwa kwenye silinda moja tu. Ni sawa na daktari aliyeingia katika nyumba ya watoto sita, akamshika paji la uso mtoto mmoja, akaandika kwamba nyumba nzima ni wazima. Tena katika ndege nyingi za zamani saa ya nguvu ya mafuta ililetewa mafuta yenyewe, kwa bomba jembamba lililotoka katika injini hata nyuma ya ubao. Bomba likipasuka, mafuta ya moto humwagika miguuni pa rubani.

Dawa ya kasoro hii ya pili ilitokana na jambo la kale. Mwaka 1821 mtaalamu wa Kijerumani, Thomas Seebeck, aliunganisha madini mawili mbalimbali, akatia moto penye kiungo kimoja, akaona sindano ya dira iliyokuwa karibu ikigeuka. Alikuwa ameona umeme mdogo unaozaliwa na joto, ingawa yeye mwenyewe hakuutambua hivyo. Kwa njia hiyo hiyo mafundi hutia nyaya mbili za madini mbalimbali katika kichwa cha silinda na katika bomba la moshi. Joto likizidi, umeme huzidi, na mshale hupanda. Katika miaka ya 1960 marubani wa ndege ndogo walianza kuuziwa saa za kupima joto la moshi, na baadaye zikaja zile zinazopima kila silinda peke yake na kuonyesha zote pamoja juu ya kioo kimoja.

Faida yake ni nini? Kila silinda ina plagi mbili. Plagi moja ikifa, injini yaendelea kwenda, na rubani huenda asitambue. Lakini moto wa plagi moja huchelewa kumaliza kazi yake, na moshi hutoka ukiwa na joto zaidi. Kioo huonyesha silinda ile imepanda peke yake. Valvu ya moshi ikianza kuungua na kutofunga vizuri, joto la moshi wa silinda hiyo huweza kupanda na kushuka polepole, kama pumzi ya mgonjwa. Na petroli ikilipuka vibaya ndani ya silinda, joto la kichwa hupanda upesi kuelekea mpaka wa kiwanda, ambao kwa injini nyingi za namna hii ni digrii 260 za Sentigredi. Rubani akiliona mapema hupunguza nguvu, akaongeza petroli, akatua. Wahenga walisema, Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na hapa kazi ya kioo ni kuonyesha ufa ungali ufa.

Kuna faida nyingine itupendezayo zaidi. Vipimo hivi huandika. Kila sekunde chache huweka hesabu ya joto, mafuta na mizunguko, na baada ya kutua fundi huzisoma, akaona yaliyotokea angani ilhali yeye alikuwa chini. Hapo twakumbuka Kitty Hawk. Vile vitu vitatu vya ndugu Wright vilikuwa mashahidi wa kusomwa baada ya safari. Basi baada ya miaka mia na zaidi shahidi amerudi, ila sasa asema na rubani safarini pia.

Mtu atauliza, Kama dawa ilijulikana, mbona ndege za zamani zilikaa muda mrefu bila kuipata? Jibu ni sheria na fedha. Ndege yenye cheti cha serikali haitiwi hata kifaa kimoja ila kimekubaliwa, na kukubaliwa huko kuligharimu sana. Watu waliojijengea ndege zao wenyewe hawakubanwa hivyo. Wao walitumia vioo vya elektroniki visivyo na pia, vya bei nafuu, ilhali jirani mwenye Cessna ya zamani aliruka na pampu yake ya kaboni. Sheria iliyowekwa ili kulinda watu ikawa yawazuia wasijilinde. Mwezi Aprili mwaka 2016 serikali ya Marekani ilikubali ombi la chama cha wapenda ndege kiitwacho EAA, kwamba kioo kimoja cha kampuni ya Dynon kitiwe katika ndege zenye cheti kama Cessna 172 na Piper PA-28. Baada yake vifaa vingine vilifuata, na mlango ukabaki wazi.

Lakini msidhani kwamba kazi yenyewe ni kung'oa na kupachika. Fundi mwenye leseni hutoa saa za zamani, pampu na mabomba yake. Huvuta nyaya mpya na kuzilinda zisisuguliwe. Hupima tena uzito wa ndege, kwa maana kitu kikiondolewa mbele mizani hubadilika. Kisha huandika yote katika daftari ya ndege na kutia sahihi. Dira ya sumaku haiondolewi. Na kwa kuwa vioo hula umeme, hupewa betri ya akiba, ili jenereta ikifa rubani asiachwe gizani.

Tungemaliza hapa kama tungekuwa wauzaji wa vioo. Hatuwauzii kitu, basi yatupasa kusema na upande wa pili. Mwaka 2010 halmashauri ya Marekani ya usalama wa usafiri ilitoa habari za uchunguzi wake juu ya ndege ndogo zilizotengenezwa kati ya 2002 na 2006, ikilinganisha zile zenye vioo na zile zenye saa za mshale. Watu walitazamia kusikia kwamba vioo vimeokoa wengi. Haikuwa hivyo. Ndege zenye vioo zilipata ajali chache zaidi kwa jumla, lakini kiasi cha ajali zenye kuua kilikuwa kikubwa zaidi. Halmashauri ikasema kwamba marubani wanahitaji kufundishwa kila namna ya kioo, na hasa jinsi kinavyoharibika.

Neno hilo twalitia moyoni kuliko mengine yote. Saa ya zamani ilikuwa na mshale mmoja na neno moja. Kioo kipya kina maneno mengi, na asiyejua kusoma hupotea katikati yake. Tena kioo kikimwambia mtu kwamba silinda ya tatu ina homa, naye akasema, Nitaitazama kesho, kwa kuwa ana haraka au hana fedha, basi amenunua shahidi kwa bei kubwa ili amzibe mdomo. Twasema kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Rubani ni mtu wa kuambiwa, na kuambiwa tena, mpaka kutazama kumekuwa desturi yake kama kuvuta pumzi.

Nasi tusiopanda ndege tunazo saa zetu: taa nyekundu ya lori, kipimo cha homa cha mganga, maji ya kisima yaliyobadilika rangi. Kila moja ina neno la kusema mapema.